Mpango wa zawadi wa hoteli unapobadilika: Hatima ya cheti ambacho hakijatumika

AHADI ni deni, walinena wahenga. Hata hivyo, kuna madeni ambayo mdaiwa peke yake ndiye anayeshika kalamu, na anaweza kuyaandika upya wakati wowote apendapo. Zawadi ambazo kampuni kubwa za hoteli huwapa wateja wao waaminifu ni madeni ya aina hiyo.

Mnamo Agosti 2018, wasafiri wengi duniani waliokuwa wamehifadhi vyeti vya kulala hotelini bila malipo walijikuta katika njia panda. Kampuni iliyowapa vyeti hivyo ilikuwa ikiunganisha mipango yake ya zawadi na kufuta madaraja yote ya zamani ya hoteli. Cheti kilichosema kuwa mwenyewe anaweza kulala siku saba katika hoteli ya daraja fulani sasa kilitaja daraja ambalo halikuwepo tena.

Swali walilojiuliza ni lile ambalo kila mwenye cheti, vocha au kadi ya pointi hujiuliza kanuni zinapogeuzwa: Je, nilichokichuma jana kina thamani gani leo?

Makala haya yanaeleza jinsi mipango hiyo inavyofanya kazi, kilichotokea wakati ilipobadilishwa, sheria inasema nini, na hatua ambazo mwenye cheti anaweza kuchukua ili jasho lake lisiende bure.

Pointi na cheti si kitu kimoja

Wengi huchanganya pointi na cheti, ilhali tofauti yake ndiyo kiini cha suala hili.

Pointi ni mfano wa sarafu. Mteja akilala hotelini au akitumia kadi ya mkopo yenye jina la kampuni ya hoteli, hupewa pointi kulingana na fedha alizotumia. Pointi hizo hujumlishwa katika akaunti yake, na anaweza kuzitumia zote au sehemu tu apendavyo.

Cheti, kwa upande mwingine, ni ahadi ya kitu mahsusi. Kinaweza kuwa cha usiku mmoja au siku saba mfululizo, au cha kuhamishiwa chumba bora zaidi. Huwa na masharti matatu makuu: aina ya hoteli, muda wa kukitumia na mtu anayeruhusiwa kukitumia. Hakigawanyiki. Mwenye cheti cha siku saba akilala siku tatu, nne zilizosalia hupotea.

Mpango unapobadilika, pointi hubadilishwa kwa hesabu rahisi ya kuzidisha au kugawanya, kama vile noti za zamani zinavyobadilishwa kwa mpya. Wakenya wanakumbuka kuwa mwaka 2019 Benki Kuu ilipoondoa noti ya zamani ya Sh1,000, aliyeipeleka benki kabla ya Oktoba 1 alipokea thamani ile ile.

Cheti hakina hesabu nyepesi kiasi hicho. Kinafanana zaidi na tikiti ya basi la njia ambayo imefutwa. Kampuni inapaswa kuamua ni njia gani mpya inayokaribiana na ile ya zamani, na uamuzi huo hufanywa na kampuni yenyewe.

Mipango hii ilikoanzia

Mashirika ya ndege ndiyo yaliyotangulia. American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage mnamo Mei 1981, miaka michache baada ya Marekani kupitisha sheria ya mwaka 1978 iliyoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege. Ushindani ulipopamba moto, mashirika yalitafuta namna ya kuwafunga wateja yasitoroshwe na nauli nafuu za wapinzani.

Hoteli hazikuchelewa kufuata nyayo. Mnamo 1983, Holiday Inn na Marriott zilianzisha mipango yao, nayo Hilton ikafuata mwaka 1987. Kufikia mwaka 1999, kampuni ya Starwood, iliyomiliki majina kama vile Sheraton na Westin, ilizindua mpango wa Starwood Preferred Guest. Mpango huo ulipendwa mno kwa kuwa uliahidi kutokuwa na siku za marufuku: ikiwa chumba cha kawaida kipo, mwenye pointi angeweza kukipata, hata msimu wa sikukuu.

Tangu hapo mipango hii imekua na kuwa mashine kubwa za biashara. Mpango wa Marriott, unaoitwa Bonvoy, una zaidi ya wanachama milioni 200.

Kisa cha mwaka 2018

Marriott ilitangaza nia ya kuinunua Starwood mnamo Novemba 2015. Baada ya mvutano na kundi la wawekezaji lililoongozwa na kampuni ya Anbang ya China, ununuzi huo ulikamilika Septemba 23, 2016 kwa takriban Dola bilioni 13. Hapo ndipo kampuni kubwa kuliko zote za hoteli duniani ilipozaliwa.

Kwa karibu miaka miwili, mipango ya kampuni hizo mbili iliendeshwa sambamba. Kisha, Agosti 18, 2018, ikaunganishwa. Kuhusu pointi, mambo yalikuwa wazi: kila pointi moja ya Starwood iligeuka kuwa tatu za Marriott. Aliyekuwa na pointi 10,000 akawa na 30,000.

Mgogoro ulikuwa katika vyeti. Marriott ilikuwa ikiuza kwa pointi kifurushi cha usafiri kilichojumuisha maili za ndege na cheti cha kulala siku saba katika hoteli moja. Kifurushi cha bei ya chini kiligharimu pointi 270,000. Kwa mashirika mengi ya ndege, mwanachama alipata maili 120,000 pamoja na cheti cha hoteli za daraja la 1 hadi la 5. Kila daraja la juu zaidi lilimgharimu pointi 30,000 za ziada, hadi kufikia 390,000 kwa daraja la 9.

Hesabu yake ilivutia. Hoteli ya daraja la 5 ilitoza pointi 25,000 kwa usiku. Kwa kuwa mpango huo ulitoa usiku wa tano bila malipo, siku saba zingegharimu pointi 150,000. Hii ina maana kuwa pointi 120,000 zilizobaki katika kifurushi zilizaa maili 120,000, moja kwa moja. Hapakuwa na njia nyingine ya kugeuza pointi za Marriott kuwa maili kwa faida kama hiyo.

Ilipotangazwa kwamba vifurushi hivyo vingekoma Agosti, wengi walikimbilia kuvinunua. Waliofanya hivyo walifahamu kuwa hawangeweza kusafiri mara moja. Walichotaka ni kuzipata maili mapema, na kuweka cheti kibindoni hadi wakati ufaao.

Kibindoni humo ndimo cheti kilimobadilika sura.

Ngazi saba katika nafasi nne

Kabla ya muungano, hoteli za Marriott zilipangwa katika madaraja tisa, nazo za Ritz-Carlton zikawa na ngazi zake tano. Kwa hivyo, vyeti vya vifurushi vilikuwa vya aina saba: daraja la 1 hadi 5, la 6, la 7, la 8, la 9, na makundi mawili ya Ritz-Carlton.

Mpango mpya ulianza na madaraja saba pekee, na vifurushi vyake vipya vilikuwa vya aina nne: daraja la 1 hadi 4, la 5, la 6 na la 7. Hata asiyejua hesabu anaona tatizo. Vitu saba haviwezi kuingia katika nafasi nne bila vingine kubanwa pamoja. Ikawa lazima baadhi ya waliolipa pointi 30,000 zaidi ili wapate daraja la juu wawekwe kapu moja na wale ambao hawakulipa.

Bei za kila usiku nazo hazikulingana. Daraja la 6 la zamani lilitoza pointi 30,000. Katika jedwali jipya hapakuwa na hoteli ya kiasi hicho: daraja la 4 lilikuwa pointi 25,000, na la 5 likawa 35,000. Cheti cha daraja hilo kilisimama katikati ya mto, na ni kampuni iliyokuwa na mamlaka ya kuamua kitavukishwa ng'ambo ipi.

Kwa majuma kadhaa, waliokuwa na vyeti hivyo hawakujua vitageuka kuwa nini. Hawakuweza kupanga safari. Wengine walijikuta wakichagua baina ya kuvitumia upesi katika hoteli wasiyoitaka, au kusubiri na kubahatisha.

Vifurushi vipya vilivyoanza kuuzwa baada ya hapo vilionyesha jinsi mambo yalivyogeuka. Kile cha daraja la 1 hadi 4 kiliuzwa pointi 330,000, na kikatoa maili 100,000. Mwenye kutaka maili 50,000 tu alilipa 255,000. Aliyekuwa na cheti cha zamani, hata kama kilibanwa, alikuwa amenunua kwa bei ambayo haikurudi tena.

Hapa pana funzo linalosahaulika katika kelele za malalamiko. Mabadiliko hayakumwathiri kila mwanachama kwa namna moja. Aliyekuwa tayari amehifadhi chumba kwa cheti chake kabla ya Agosti alikuwa na mahali pa kulala. Aliyekuwa na pointi tupu alizidishiwa au kubakishiwa hesabu yake. Aliyeumia kichwa ni yule wa katikati: aliyekwisha kuzitoa pointi zake na kupewa cheti, lakini hajachagua hoteli wala tarehe.

Mabadiliko hayakuishia hapo

Jina la Marriott Bonvoy lilianza kutumika Februari 13, 2019. Mwezi uliofuata likaongezwa daraja la 8, lenye hoteli za pointi 85,000 kwa usiku. Kati ya Agosti na wakati huo, hoteli hizo hizo za kifahari zilikuwa zikipatikana kwa pointi 60,000. Septemba ya mwaka huo zikaja bei za msimu: usiku wa msimu wa watalii wengi ukagharimu zaidi, na wa msimu mkavu ukapungua.

Hatimaye, Machi 29, 2022, Marriott iliachana kabisa na jedwali la madaraja. Tangu siku hiyo, bei ya chumba kwa pointi hupanda na kushuka kama bei ya fedha taslimu. Hilton ilikuwa imetangulia kulitupa jedwali lake mwaka 2017.

Kwa mwenye cheti, badiliko hili lina uzito wake. Vyeti vingi vya kadi za mkopo huwa na kikomo cha pointi. Kile cha kikomo cha 35,000, kwa mfano, kinaweza kutumika tu katika usiku ambao hoteli inatoza pointi 35,000 au pungufu. Zamani, mtu aliweza kutazama jedwali na kujua kwa hakika kuwa hoteli fulani imo ndani ya uwezo wa cheti chake. Sasa hoteli hiyo hiyo yaweza kuwa 33,000 Jumanne na 41,000 Ijumaa. Cheti hakijapunguzwa hata nukta moja, lakini siku ambazo kinakubaliwa zimepungua.

Kampuni zilitambua lalama hizo. Mwaka 2022, Marriott iliruhusu mwanachama kuongeza hadi pointi 15,000 juu ya cheti ili kuvuka kikomo. Mwaka huo huo, kampuni ya IHG, inayomiliki majina ya Holiday Inn na InterContinental, nayo iliruhusu nyongeza ya pointi kwenye vyeti vya kadi zake.

Si kila badiliko ni hasara

Itakuwa ni kukosa haki kudai kuwa kila kanuni mpya humdhulumu mteja. Kuna njia tofauti ambazo kampuni hutumia kushughulikia vyeti vya zamani, na baadhi ni za kiungwana.

Njia ya kwanza ni kuviacha vilivyo hadi muda wake uishe. IHG ilipoweka kikomo cha pointi 40,000 kwa vyeti vya kadi mnamo 2018, kikomo hicho kililenga vyeti vilivyotolewa kuanzia Mei mwaka huo. Vya awali viliendelea bila kikomo.

Njia ya pili ni kulegeza masharti. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, Hilton iliruhusu vyeti vya usiku wa wikendi vitumike siku yoyote ya juma. Marriott nayo ilisogeza mbele, zaidi ya mara moja, tarehe za mwisho za vyeti ambavyo wenyewe hawakuweza kuvitumia mipaka ilipofungwa.

Njia ya tatu ni kukigeuza cheti kuwa kingine kinachokaribiana nacho, kama ilivyokuwa mwaka 2018. Njia ya nne ni kukirudisha katika pointi. Hii ya mwisho humpa mteja uhuru, lakini thamani anayorudishiwa huamuliwa na kampuni, na yaweza kuwa chini ya alichotoa.

Nairobi si kisiwa

Msomaji aweza kudhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo. Lakini mengi ya majina haya yako hapa nchini, na yamebadilika mbele ya macho ya Wakenya.

Marriott iliingia kwa kishindo barani Afrika mwaka 2014 iliponunua kundi la Protea la Afrika Kusini. Hoteli ya Four Points by Sheraton katika uwanja wa ndege wa JKIA, iliyofunguliwa 2017, ilibeba jina lililotoka kwa Starwood. Mwaka 2023 ikafunguliwa kambi ya JW Marriott katika Masai Mara. Kwa hivyo, mgeni anayelala Mara kwa pointi, au Mkenya anayezikusanya kwa safari za kikazi, yumo ndani ya kanuni zile zile.

Norfolk, hoteli iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1904, iliendeshwa chini ya jina la Fairmont. Kundi la Accor la Ufaransa liliinunua kampuni mama ya Fairmont mwaka 2016, na mnamo 2018 klabu ya wateja wa Fairmont ikamezwa na mpango wa Accor. Wanachama waliozoea manufaa ya klabu yao walilazimika kujifunza kanuni nyingine.

Isitoshe, kuna hatari nyingine ambayo haihusiani na kanuni, nayo ni hoteli kufungwa. InterContinental ya Nairobi ilitangaza kufungwa mwaka 2020. Hilton ya katikati ya jiji, yenye jengo la mviringo lililokuwa alama ya Nairobi tangu 1969, ilifunga milango Desemba 31, 2022.

Hapo inafaa kuelewa jambo moja. Kampuni kubwa za hoteli hazimiliki majengo mengi yanayobeba majina yao. Huyaendesha kwa mkataba, au hukodisha jina tu. Cheti hutolewa na mpango wa zawadi, si na hoteli. Hoteli ikifungwa au ikibadilisha jina, cheti hakifi, bali kinapoteza pa kutumika karibu. Mkenya aliyepanga kukitumia jijini atalazimika kukivusha mipaka, na nauli ya kukifuata yaweza kuzidi thamani yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa nini kampuni hubadilisha kanuni?

Jibu limo katika vitabu vya hesabu. Kila pointi au cheti ambacho hakijatumika ni deni kwa kampuni. Kanuni za kimataifa za uhasibu zilizoanza kutumika Januari 1, 2018, zinazojulikana kama IFRS 15, zinaitaka kampuni itenge sehemu ya fedha iliyopokea kwa ajili ya zawadi ambayo bado haijatolewa. Fedha hiyo haihesabiwi kuwa mapato hadi zawadi itumike au muda wake upite.

Kampuni pia hukadiria ni zawadi ngapi ambazo hazitadaiwa kamwe. Kadiri wateja wengi wanavyosahau vyeti vyao, ndivyo deni hilo linavyopungua bila kampuni kutoa chumba hata kimoja.

Kuna pia maslahi ya wenye majengo. Mgeni anapolipa, hoteli huchangia asilimia fulani ya bili katika hazina ya mpango. Mgeni anapolala kwa cheti, hazina hiyo huilipa hoteli. Siku za kawaida malipo huwa madogo, kwani chumba kingelala kitupu. Hoteli inapokaribia kujaa, malipo hukaribia bei ya kawaida. Ndiyo maana bei zinazobadilika huwapendeza wenye hoteli: huzuia vyumba vya Desemba kuchukuliwa kwa gharama ya vyumba vya Mei.

Sheria inasema nini?

Karibu kila mpango una kifungu kinachosema kuwa kampuni inaweza kubadilisha au kufuta masharti wakati wowote, na kwamba pointi si mali ya mwanachama. Mahakama zimewahi kuulizwa ikiwa kifungu hicho kina mipaka.

Katika kesi ya Wolens dhidi ya American Airlines, abiria walilalamika kuwa shirika lilibadilisha kanuni mwaka 1988 na kupunguza thamani ya maili walizokuwa wamekwisha kuzichuma. Mwaka 1995, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa hawangeweza kutumia sheria ya jimbo ya kulinda watumiaji dhidi ya shirika la ndege, lakini wangeweza kushtaki kwa msingi wa kuvunjwa kwa mkataba. Kwa maneno mengine, ahadi ambayo kampuni yenyewe iliitoa yaweza kuibana.

Miaka 19 baadaye, katika kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg, mahakama hiyo iliziba mwanya mwingine. Abiria aliyefutiwa uanachama alidai kuwa shirika halikutenda kwa nia njema. Majaji wote waliamua kuwa dai la aina hiyo lilizuiwa na sheria ya ndege ya 1978. Sheria hiyo, hata hivyo, ni ya mashirika ya ndege. Hoteli hazina kinga hiyo.

Nchini Canada, jimbo la Ontario lilipiga hatua zaidi. Baada ya ghadhabu ya umma juu ya pointi zilizokaribia kufutwa, bunge la jimbo lilipitisha sheria inayokataza pointi kuisha kwa sababu tu ya kupita kwa muda, nayo ikatumika kuanzia Oktoba 1, 2016.

Nchini Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma, na ulinzi wa maslahi yake ya kiuchumi. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Ugumu ni kwamba mikataba ya mipango ya kimataifa kwa kawaida huandikwa chini ya sheria za nchi nyingine. Mkenya mwenye cheti kimoja hana nguvu ya kukifuata kortini ng'ambo. Silaha yake kubwa ni tahadhari.

Mambo ya kufanya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye cheti, daftari hilo liwe na mambo yafuatayo:

Kwanza, andika tarehe ya mwisho na maana yake. Kuna vyeti vinavyotaka chumba kihifadhiwe kabla ya siku hiyo, na vingine vinavyotaka mgeni awe amekwisha kulala na kuondoka. Tofauti hiyo imewapotezea wengi.

Pili, hifadhi masharti yalivyokuwa siku ulipopewa cheti. Chapisha ukurasa au upige picha. Kampuni ikibadilisha maneno, utakuwa na ushahidi wa ahadi ya awali.

Tatu, mabadiliko yakitangazwa, hifadhi chumba kabla ya tarehe ya kuanza kwake. Kwa kawaida nafasi iliyohifadhiwa huheshimiwa kwa bei ya zamani. Hyatt, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa ikitangaza hoteli zinazopanda daraja majuma kadhaa kabla, na kuwaacha waliotangulia kuhifadhi walale kwa pointi za awali. Chagua hoteli inayoruhusu kufuta bila adhabu, ili usijifunge.

Nne, usigeuze pointi kuwa cheti kabla hujajua utakitumia wapi na lini. Pointi hubaki na uhuru wake. Cheti hufunga mlango.

Tano, usinunue cheti mtandaoni kutoka kwa mtu usiyemjua. Mipango mingi hukataza uuzaji, na cheti kilichouzwa chaweza kufutwa mgeni akiwa tayari amefika mapokezi.

Sita, muda ukikaribia kuisha, piga simu na uombe nyongeza kwa heshima. Kampuni hailazimiki kukubali, lakini mhudumu hawezi kukupa usichokiomba.

Mwisho, uliza ikiwa kuna ada ambazo cheti hakilipi. Baadhi ya hoteli za kitalii hutoza ada ya kila siku hata kwa mgeni wa bure, na kodi pia yaweza kudaiwa.

Zawadi ni ya kutumiwa

Nyuma ya kila cheti kuna usiku mwingi ambao mtu alilala mbali na jamaa zake akitafuta riziki. Kuna mfanyakazi anayekitunza ili siku moja awapeleke wazazi wake mahali ambapo wasingeweza kulipia. Kwake, hatua ya kampuni kusogeza hoteli ngazi moja juu si suala la jedwali, bali ni safari iliyoahirishwa, pengine milele.

Yaliyotokea kati ya 2018 na 2022 yameonyesha kuwa thamani ya zawadi ambayo haijatumika haipandi kwa kuwekwa. Mara nyingi hushuka. Fedha iliyo benki huzaa riba japo kidogo. Cheti hakizai chochote, na anayekitunza hana sauti pale kanuni zinapoandikwa.

Kwa hivyo, mwenye cheti na akitumie kingali na pa kutumika. Chumba alicholala jana hakuna kanuni mpya inayoweza kumnyang'anya.